Sitini Yenu, Hamsini Yangu

Stoo ya Kufungashia,
Kiwanda cha Vikombe.
Tarehe 19 ya mwezi huu (kwa hesabu yenu, 21).

Kwa Meneja Utumishi,
Jengo la Mbele, mlango wenye kapeti.

Ndugu Meneja Utumishi,

KUHUSU: KUSTAAFISHWA KABLA YA WAKATI, TENA KWA MIAKA DAZENI NZIMA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kapeti lako halijambo. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio ulioingia ufa.

Jumatatu asubuhi, nikiwa nimeshika kikombe cha saba cha boksi la tatu, tarishi wako aliniletea bahasha. Nilimwambia asubiri nimalize dazeni, akasema ni ya haraka. Nikaifungua. Nikasoma kwamba nimetimiza umri wa miaka 60, kwamba kiwanda kinanishukuru, na kwamba mwisho wa mwezi nikabidhi ufunguo wa stoo. Ndugu Meneja, nilipoteza hesabu. Tangu niajiriwe sijawahi kupoteza hesabu, hata siku ile bati la paa lilipong'oka na upepo nikawa nahesabu huku nanyeshewa. Boksi lile ilibidi nilirudie mara mbili.

Nimekaa siku tatu nikipoa, maana hasira hasara. Sasa nimepoa. Naleta kwako malalamiko yangu kwa heshima zote. Yako dazeni moja kamili, kwa sababu stoo hii haitoi boksi pungufu.

1. Kwanza nieleze hesabu yetu, ili usiseme hukuelezwa. Nasikia huko mbele mnahesabu kwa makumi. Sina ugomvi na hilo, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Sisi stoo tunahesabu kwa madazeni, kwa sababu boksi letu lina vyumba kumi na viwili na kikombe hakilali chumba cha mwenzake. Moja hadi tisa tunaandika kama ninyi. Kumi tunachora kikombe kidogo. Kumi na moja tunachora birika. Tukifika kumi na mbili tunaandika 1 na 0, maana yake boksi moja limejaa na hakuna kilichobaki nje. Basi 20 yetu ni ishirini na nne yenu, 30 yetu ni thelathini na sita yenu, na kuendelea hivyo. Hata mtoto anaelewa. Nilimjaribu mjukuu wangu wa darasa la pili akaelewa mara moja, ila wiki iliyofuata alichora birika kwenye mtihani na mwalimu wake akaniita shuleni.

2. Sasa tuje kwenye umri. Vikombe sitini vyenu nikivipanga vinajaza maboksi matano, hakibaki hata kimoja. Tunaandika 50. Utasema miaka si vikombe. Kweli, lakini miaka hii nimeiishi humu ndani, na inahesabiwa kwa hesabu ya humu ndani. Niliajiriwa nikiwa na miaka 20. Nimefanya kazi miaka 30. Jumlisha. Fungua faili langu utakuta wameandika ishirini na nne na thelathini na sita. Ni yaleyale, wameyatandaza tu nje ya boksi. Mimi nina miaka 50. Mnaponistaafisha leo mnaninyang'anya miaka 10, yaani dazeni nzima.

3. Usidhani haya nimeyazua kwa uchungu. Upo Waraka. Meneja aliyekuwepo kabla ya yule aliyekutangulia aliletewa oda ya hoteli moja, vikombe sitini. Karani wa mbele akaandika 60 kwenye karatasi, karatasi ikaja stoo, nasi tukapakia maboksi sita kamili, yaani vikombe sabini na viwili, kama tulivyoandikiwa. Kukawa na makelele. Badala ya kukubali kwamba kosa ni la ofisi, yule bwana alishuka mwenyewe, uso umemvimba, akaandika kwa mkono wake: "Kuanzia leo kila namba itakayoingia stoo ya kufungashia, kutoka kwa mtu yeyote na kwa jambo lolote, itasomwa kwa madazeni." Akatia sahihi na muhuri. Waraka huo umebandikwa juu ya mlango hadi leo. Kona moja imeliwa na panya, lakini muhuri panya hakuugusa.

4. Barua yako iliingia stoo Jumatatu saa tatu asubuhi. Kwa hiyo imesomwa kwa Waraka. Kwa Waraka, 60 yako ni sabini na mbili. Ndugu Meneja, umeniandikia mwanamke mwenye heshima zake kwamba nina miaka sabini na miwili! Mume wangu ana sitini na miwili. Kwa kalamu yako nimemzidi mume wangu miaka kumi, kikombe kizima, na tarishi alisimama pale pale akisikia. Sikudai fidia. Nataka tu urekebishe.

5. Ukisema Waraka umepitwa na wakati, nitakujibu kwamba tumeufuata kwa uaminifu mwaka hadi mwaka na ofisi haikuwahi kupinga. Mmetupa likizo ya siku 28, nasi tumekaa nyumbani siku 28 za stoo, ambazo kwenu ni thelathini na mbili. Mapumziko ya chakula ni dakika 30, nasi tunakula taratibu kwa dakika thelathini na sita, kama Waraka unavyotaka. (Ukiona hili ni jipya kwako, tafadhali lisikuondoe kwenye hoja.)

6. Mungu mwenyewe ni shahidi wangu. Kunja mkono wako wa kushoto. Acha kidole gumba, hicho ndicho karani. Vidole vinne vilivyobaki kila kimoja kina pingili tatu. Zihesabu kwa gumba. Dazeni! Iko kwenye mkono mmoja, na mkono wa pili uko huru kushika kikombe. Anayehesabu kwa makumi anahitaji mikono yote miwili, na kikombe akishike na nini, meno? Ndiyo maana huko mbele kila kitu kinaanguka.

7. Kuhusu atakayenirithi. Mmeniletea binti mwenye cheti kirefu, ambaye wapakiaji wamekwishampa jina la Bi Shahada. Ni binti mwenye adabu, ananiamkia vizuri, sina neno naye. Lakini Jumatano nilikwenda zahanati, nikamwachia ubao. Niliandika kwa chaki oda ya mteja: birika, kisha 4. Mtu yeyote wa stoo anajua hiyo ni madazeni kumi na moja na vikombe vinne, jumla mia moja thelathini na sita kwa hesabu yenu. Bi Shahada akampelekea mteja mabirika manne. Mteja aliyekuwa amealika watu mia na zaidi akajikuta na mabirika manne na hakuna cha kumiminia. Nilipomuuliza, Bi Shahada alisema, "Mama, mimi nimesoma kilichoandikwa." Nilikwenda kuufuta ubao, maana ni kweli.

8. Kwa kuwa mimi si msomi, nilimwomba msaada mume wangu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, amestaafu mwaka wa pili sasa. Nilimwambia, mzee wangu, hebu nitafutie kama sitini inaweza kupungua zaidi ya hapo. Aliirukia kazi hiyo kama mgonjwa aliyeletewa supu. Jioni mbili mfululizo alikaa mezani na kalamu yake nyekundu, miwani kwenye ncha ya pua, akinionyesha. Namba, anasema, haibadiliki. Kinachobadilika ni ukubwa wa boksi. Ukiwa na boksi la vikombe kumi na kimoja, sitini inajaza maboksi matano na vikombe vitano vinabaki, basi inaandikwa 55. Ukiwa na boksi la kumi na vinne, yanajaa manne na vinabaki vinne: 44. Boksi la kumi na tisa: 33. La ishirini na tisa: 22. Tazama zilivyo mapacha! Mzee alisema sitini ni namba yenye tabia njema, na aliponiambia hivyo alinitazama mimi, si karatasi. Alianza na kumi na moja akapanda juu. Nilipomuuliza kuhusu maboksi madogo, ya tisa na ya nane, alisema hayo hayana faida kwa stoo. Nilimwamini, yeye ndiye mwalimu.

Kwa hiyo ofisi yako ikikataa hamsini yangu, nina arobaini na nne. Ikikataa hiyo, nina thelathini na tatu. Ikizidi kukaza shingo nitakuja getini nikiwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha kuzaliwa mkononi, niombe kazi upya. Na kwa kuwa nina uzoefu wa miaka 30, sioni mwombaji wa miaka ishirini na miwili atakayenishinda.

9. Ipo pia hesabu ya boksi la hamsini na tisa, ambayo inanipa miaka 11. Hii naomba tuiache. Wapakiaji wamenionya kwamba kiwanda kikipatikana kinamwajiri mtoto wa miaka kumi na mmoja kitafungwa, na mimi sina nia mbaya na kiwanda.

(Kikombe.) Lalamiko hili ni la nyumbani, lakini ofisi ndiyo iliyolisababisha, kwani ndiyo inayotaka kunirudisha huko. Nyumba yangu imeharibika hesabu. Tangu mzee astaafu, amepanga vijiko kwa urefu na sufuria kwa herufi. Sahani ziko kwenye rafu kumikumi. Nimezipanga upya kwa madazeni mara tatu na mara tatu nimekuta amezirudisha. Hayo nayavumilia. Lisilovumilika ni hili: kila siku saa kumi alasiri anapika chai, na kila siku anatoa vikombe viwili. Yuko peke yake! Mimi niko kazini hadi saa kumi na moja na nusu. Nikirudi nakuta kimoja kimetumika na cha pili kimejaa, kimefunikwa kisahani, chai imepoa kabisa. Mtu mmoja, vikombe viwili. Nimemuuliza, anasema "mazoea tu". Tofauti ya kikombe kimoja kila siku kwa miaka miwili, na maelezo hakuna! Ningekuwa na mpakiaji wa namna hiyo ningemwandikia onyo. Mali bila daftari huisha bila habari. Sasa niambie, mtu kama mimi anawezaje kustaafu akaenda kuishi kwenye stoo ya namna hiyo?

(Birika.) Mwanangu. Samahani, Ndugu Meneja. Nimekuita mwanangu kwa mazoea, kwa kuwa ulipoanza kazi walikuleta kwangu wiki mbili nikakufundisha kugonga kikombe. Unakumbuka? Unakigonga kwa ukucha ukingoni na kukiweka karibu na sikio. Kizima hulia. Chenye ufa hukohoa, hata kama jicho halioni kitu. Mimi kila kikombe kilichotoka kiwanda hiki kimepita sikioni mwangu. Nikikaa nyumbani, nitasikiliza nini? Nakwambia kweli, naogopa. Naogopa kuamka siku ya kwanza ya mwezi na kukuta hakuna kitu kinachonisubiri nikihesabu. Kinachoogopesha watu wengine ni kufa; mimi ni Jumatatu. Lakini nimejigonga mwenyewe, Ndugu Meneja, na kwa uaminifu wa kazi yangu nakuthibitishia: bado nalia, sikohoi. Na kikombe kinacholia hakirudishwi tanurini.

10. Kwa hayo yote naomba: barua yako ifutwe, umri wangu uandikwe 50 kwenye faili, kwa kalamu ya wino, na nitakapotimiza miaka 60 kamili, kwa Waraka, mniandikie upya nami nitaufungua mlango bila kinyongo. Bi Shahada abaki chini yangu hadi atakapoacha kupeleka mabirika. Utu uzima dawa, na dawa haitupwi chupa ikiwa bado imejaa.

Nitafurahi kupata jibu lako mapema. Namba zozote utakazoandika humo tafadhali ziandike kwa uangalifu, unajua zitakavyosomwa.

Nisalimie katibu muhtasi wako na mguu wake ulioteguka. Nisalimie wachomaji wa tanuri, wapaka rangi, mama wa jikoni anayetuvumilia dakika zile sita, na mlinzi wa getini, mwambie kofia yake iliyopotea iko kwangu, imetumika kufungia bakuli la maonyesho. Msalimie pia tarishi, nimemsamehe.

Ni mimi, mtumishi wako ambaye hajawahi kukupungukia hata kisahani,

Mama Dazeni
(miaka 50)

TANBIHI. Leo nimetoka mapema ili barua hii ifike ofisini kwako kabla hapajafungwa, nikapitia nyumbani kuchukua bahasha. Mzee alikuwa uani anamwagilia mboga. Nikafungua droo yake, nikaikuta karatasi yake ya hesabu. Kumbe hakuanza na kumi na moja. Alianza na tisa. Ukiwa na boksi la vikombe tisa, sitini inajaza maboksi sita na vikombe sita vinabaki, basi inaandikwa 66. Yaani nilitakiwa niwe nyumbani miaka sita iliyopita. Ameikata kwa mistari miwili ya kalamu nyekundu, na pembeni ameandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: "Hii asiione. Anaipenda sana kazi yake."

Nikakaa kitini. Saa ilikuwa kumi na dakika chache. Mezani palikuwa na vikombe viwili, cha pili kimefunikwa kisahani, nikakigusa, na kwa mara ya kwanza nimekikuta cha moto. Basi ile tofauti iliyonishinda miaka miwili nimeipatia maelezo, naomba uifute kwenye lalamiko la Kikombe. Ukipenda futa na mengine.

Nimejaribu kuviandika vikombe hivyo viwili kwa kila hesabu aliyonifundisha, kwa boksi la tisa, la dazeni, la kumi na tisa, la hamsini na tisa. Kote ni 2. Lakini ukihesabu kwa jozi, boksi la vikombe viwili, inaandikwa 1 na 0: boksi moja limejaa, na hakuna kilichobaki nje.

Ufunguo nitauleta Ijumaa. Bi Shahada asiguse chaki mpaka nifike.